Pakiti zenye jina la duka: nafuu yake imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi miwili. Tunaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Supamaketi ninayonunua imeanza kufungasha vyakula kwa jina lake yenyewe: sukari, mchele, maharage, chumvi, mafuta, sembe, maziwa ya unga, hadi unga wa lishe. Bei iko chini kuliko ya kampuni tulizozoea. Mimi naona naokoa, baba watoto anasema rahisi ni ghali, nirudi kwenye majina ya siku zote. Nani yuko sahihi? Na unga wa lishe nilioununua hapo wiki tatu zilizopita umeanza uchungu kwa mbali. Niumalizie tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianzie mwisho wa swali lako kwa kuwa ndiko kwenye haraka: huo unga wenye uchungu usimpikie mtoto tena, hata uji wa leo jioni. Ufunge, uweke mbali na vyakula vingine, nitaurudia.

Sasa nije kwako na baba watoto. Yeye anaangalia jina, wewe unaangalia bei. Mimi nimefanya kazi ya usindikaji na ukaguzi wa vyakula kwa muda mrefu, na nikiwa dukani na kikapu changu najiuliza kitu kimoja: hii nafuu imetoka wapi? Bei haishuki bure. Ikishuka, kuna mahali mtu amepunguza kitu. Amepunguza matangazo? Amepunguza nauli? Au amepunguza uzito, madini, kazi ya kuchambua? Pakiti iliyopunguziwa matangazo na nauli naichukua bila kusita. Iliyopunguziwa chakula chenyewe siigusi, iwe ya duka au ya kampuni kubwa.

Biashara hii ya duka kuuza chakula kwa jina lake haikuanzia kwetu. Ufaransa, Carrefour walitoa bidhaa 50 zisizo na jina la kampuni mwaka 1976. Uingereza, Tesco wakaja na pakiti zao za bei ya chini kabisa mwaka 1993, na Aldi wa Ujerumani sehemu kubwa ya rafu zao ni bidhaa za majina yao wenyewe. Maduka hayo kwa kawaida huagiza kwa msindikaji, na mara nyingine ni yule yule anayezalisha kwa ajili ya kampuni maarufu, kisha lebo ya duka inabandikwa. Nafuu inatokana na matangazo ambayo hayakulipiwa na kununua kwa wingi. Lakini watu huteleza hapo. Kiwanda kuwa kimoja hakuna maana kwamba viambato ni vile vile. Mwenye duka akiagiza biskuti yenye siagi kidogo, atatengenezewa yenye siagi kidogo. Kwa hiyo anayekwambia "ni kitu kile kile, wamebadilisha karatasi tu" anakisia.

Kwetu pakiti nyingi za namna hii hazitoki hata kiwandani. Zinatoka stoo ya nyuma ya duka. Gunia linafunguliwa, vijana wanachota, wanapima, wanafunga kwa ile mashine ya kuchomea plastiki, wanabandika lebo. Unachonunua ni chakula cha gunia pamoja na kazi ya hao vijana. Gunia likiwa zuri na mikono ikiwa safi, umepata chakula kizuri kwa bei nzuri.

Chukua maharage. Yanalimwa Kasulu, Kibondo, Buhigwe. Duka la mjini likiyanunua huko, likayachambua na kuyafungasha hapa hapa, hakuna sababu yauzwe sawa na maharage yaliyosafiri mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, yakatiwa kwenye mfuko wa rangi na kurudishwa kwetu. Hiyo ni nafuu ya nauli, na ni halali yako. Isitoshe, maharage hayana siri. Mfuko ukiwa unaonyesha ndani, unaona matundu ya wadudu, unaona mawe, unaona kama yamechanganywa mapya na yale ya zamani yaliyofifia rangi. Haya ya zamani ndiyo ya kukwepa, maana yanagoma kuiva, na kile ulichookoa dukani utakirudisha kwa muuza mkaa.

Sukari nunua ya duka na usihangaike. Iwe kavu, isiyo na mabonge, isiyo na uchafu, basi. Inatoka kwenye mfuko wa kilo 50 kama ile nyingine. Mchele nao unajionyesha wenyewe: umimine kwenye sinia, utazame chenga ni kiasi gani, kama kuna punje za njano, kama kuna punje ndefu na fupi zilizochanganywa. Neno "super" kwenye mfuko lisikubabaishe, angalia sinia.

Kwenye hivi vitu vinavyoonekana kwa macho, mchezo ukiwepo huwa kwenye mzani. Niliwahi kununua pakiti tatu za mchele kwenye duka moja, kila moja imeandikwa kilo 1. Nilipofika nyumbani nikaziweka kwenye mzani wangu wa jikoni, moja baada ya nyingine. Ya kwanza gramu 1,004, mfuko na vyote. Ya pili 946. Ya tatu 938. Niliumia, kwa sababu aliyepunjwa pale ni mama anayehesabu vibaba, na hana mzani wa kumwonyesha. Nilizirudisha na nikabadilishiwa, lakini ni wangapi wanarudi? Ukishuku, mwombe muuzaji aipime pakiti mbele yako kwenye mzani wake wa kaunta. Hilo ni haki yako, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia mizani na uzito unaoandikwa kwenye bidhaa.

Lingine la uzito halina udanganyifu wowote na bado linatuumiza. Tuseme kwa mfano pakiti ya duka ni shilingi 2,700 na ya kampuni, ya kilo moja, ni 2,900. Unachukua ya 2,700. Ukisoma vizuri, ile ya duka ni gramu 900. Gawanya: kilo yake ni shilingi 3,000. Umenunua ghali huku ukidhani umeokoa mia mbili. Mafuta ndiyo yanayowachanganya watu zaidi, maana mengine yameandikwa kwa lita na mengine kwa kilo. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa takriban gramu 910 hadi 920, kwa hiyo kilo ya mafuta ni nyingi kuliko lita. Toa simu yako, piga hesabu ukiwa pale pale kwenye rafu.

Sasa tuingie kwenye vyakula ambavyo macho hayatoshi. Hapa baba watoto ana hoja, ingawa si kwa sababu ya jina.

Chumvi kwanza. Mkoa wetu una chumvi ya Uvinza, watu wameichemsha kutoka kwenye maji ya chemchemi tangu enzi za mababu, na sina ugomvi na chumvi inayotoka karibu. Ninachouliza ni madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mama mjamzito 250, kiasi ambacho huwezi kukiona wala kukionja, lakini kikikosekana shingo inaota rovu na ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui inavyotakiwa. Wazee wetu wanakumbuka rovu zilivyokuwa za kawaida. Zimepungua kwa sababu chumvi ilianza kuwekwa madini joto, na haya madini yana udhaifu wake: unyevu, joto na jua vinayamaliza. Hebu fikiria gunia la chumvi lililofunguliwa stoo, masika, hapa kando ya ziwa ambapo hata kibiriti kinalowa. Linachotwa leo, linachotwa wiki ijayo, linachotwa mwezi ujao. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na madini joto ya kutosha. Kwenye pakiti ya mwisho hakuna wa kukuambia yamebaki kiasi gani.

Kwa hiyo chumvi mimi nanunua iliyofungwa kiwandani, yenye maandishi kwamba ina madini joto, pakiti kavu isiyokaa juani mbele ya duka. Tofauti ya bei ni shilingi chache, na familia inatumia pakiti moja kwa muda mrefu. Kubana hapo hakuna maana. Nyumbani iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, na uitie kwenye mboga ikikaribia kuiva. Kama una hamu ya kujua, muulize afisa afya wa kata yako kuhusu kile kichupa cha kupimia. Tone moja likidondoshewa kwenye chumvi yenye madini joto, chumvi inageuka buluu ya zambarau palepale. Isiyo nayo inabaki nyeupe. Nimewahi kufanya hivyo mbele ya akina mama, na ile chumvi ilipobaki nyeupe hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Sembe iko kwenye kundi hilo hilo. Kanuni za nchi yetu zinataka unga wa ngano na wa mahindi unaotoka viwandani uongezwe virutubishi, yakiwemo madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Kukoboa kunatoa kiini na pumba, na virutubishi vingi vinaondoka navyo, ndiyo maana vinarudishwa. Sembe iliyokobolewa kwenye mashine ya kawaida na kutiwa kwenye mfuko wa duka mara nyingi haijarudishiwa kitu. Asidi ya foliki nakusisitizia kwa sababu bado uko kwenye umri wa kuzaa: uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutunga, kabla mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Kwa hiyo soma mfuko. Ukiwa umeandikwa kwamba unga umeongezwa virutubishi, na una alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), nunua hata kama jina ni la duka. Usipoandikwa hivyo, kuna njia nzuri zaidi ya kuokoa hela: nunua mahindi makavu, safi, uyachambue na kusaga dona mwenyewe, kidogo kidogo, maana dona ina mafuta ya kiini na haikai kama sembe.

Mafuta ya kupikia ya kiwandani nayo yanatakiwa kuongezwa vitamini A. Vitamini hii inaharibiwa na mwanga, kwa hiyo chupa angavu iliyopangwa dirishani na kupigwa jua kutwa nzima imepoteza sehemu ya ulicholipia, haijalishi lebo ni ya nani. Yale ya kuchotwa kwenye pipa na kujazwa kwenye chupa za duka yananipa shaka, hasa lebo isipotaja ni mafuta ya nini. "Mafuta ya kula" peke yake si jina la mafuta. Mawese yetu mekundu ni habari nyingine kabisa. Wekundu ule wenyewe ni karotini, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Pakiti ya mawese ya duka, yaliyokamuliwa hapa hapa mkoani, yenye harufu safi isiyochacha, ni nafuu ya kweli na ningependa kila nyumba ya Kigoma iwe nayo. Ila wapo wanaoyachemsha mpaka rangi ipotee kabla ya kuunga mboga. Rangi ikipotea, karotini imepotea.

Maziwa ya unga nitasema kwa ufupi lakini sikiliza. Geuza pakiti, tafuta mstari wa viambato. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo. Huo ni utaratibu wa kimataifa. Ukikuta humo maneno "vegetable fat", maana yake mafuta ya maziwa yametolewa na nafasi yake kujazwa mafuta ya mimea, ambayo ni ya bei rahisi. Nafuu imetoka hapo. Kwa chai ya wakubwa hainisumbui. Kumpa mtoto mdogo ukidhani ni maziwa kamili ndiko kunakonisumbua, na hakuna maziwa ya unga ya chai, ya jina lolote, yanayoshika nafasi ya ziwa la mama. Utaratibu huo wa viambato utumie pia kwenye sosi ya nyanya: kama maji, sukari na wanga vimetangulia na nyanya inafuata nyuma, kanunue nyanya za fungu.

Sasa unga wa lishe. Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu nina uchungu na jambo hili kuliko yote.

Mama ananunua unga wa lishe kwa sababu anampenda mwanae. Ameambiwa kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndani ndivyo mtoto anavyonenepa: mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, hata dagaa. Vikisagwa pamoja vinakuwa unga mmoja, rangi moja, na macho yako hayana kazi tena. Anza na karanga. Nikitaka kupika karanga kwangu namwaga kilo kwenye ungo, nakaa mlangoni kwenye mwanga, naondoa moja moja zilizosinyaa, zenye doa jeusi, zilizopasuka ganda lake jekundu, zenye ukungu wa kijani kwenye kovu. Kwenye kilo moja hukosi kutoa konzi. Hizo ndizo zinazobeba sumukuvu kwa wingi, na kuchambua kwa mkono kunaipunguza sana. Sasa jiulize: karanga zilizosinyaa nani atazinunua zikiwa nzima? Hakuna. Zikisagwa nani ataziona? Hakuna. Msagaji asiyechambua ameokoa siku nzima ya kazi na amenunua karanga za bei ya kutupa. Nafuu imetoka hapo.

Sumukuvu inatengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zisizokauka vizuri. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi cha vumbi la vumbi. Mwaka 2016 watu waliugua ghafla Dodoma na Manyara, ini likashindwa kufanya kazi, na 20 kati ya 68 walioripotiwa wakafariki. Ilikuwa sumukuvu kwenye mahindi yao. Mara nyingi haiui kwa kishindo namna hiyo. Inaingia kidogo kidogo miaka mingi, na ini ndilo linalolipa. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo tisa, anayekunywa uji ule ule asubuhi na jioni, anapata nyingi kwa uzito wake kuliko mtu mzima.

Halafu soya. Nasema soya yenyewe, si yale maharage ya njano ambayo sokoni tunayaita soya. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, na kinaondolewa kwa kuchemsha au kukaanga ipasavyo. Ikisagwa mbichi, uji wa dakika kumi hauitoshi. Na karanga na soya zote zina mafuta. Zikishasagwa, mafuta yanakutana na hewa na kuanza kuchacha. Ndio huo uchungu ulioonja. Ieleweke kwamba uchungu wenyewe ni wa mafuta yaliyochacha, sumukuvu haionjeki. Unga usio na uchungu unaweza kuwa nayo pia. Lakini unga uliochacha ndani ya wiki tatu huenda umekaa sana mahali fulani kabla hujaununua, na siwezi kukuambia umekaa na nini.

Kwa mtoto wako fanya hivi. Saga nafaka moja au mbili tu, mahindi au ulezi, zilizo safi na kavu. Uji ukichemka ndipo umwongezee kitu: leo karanga ulizochambua, ukazikaanga na kuzitwanga siku hiyo hiyo, kesho dagaa. Hatuna sababu ya kununua dagaa aliyesagwa na mtu mwingine sisi tunaoweza kushuka Kibirizi au Katonga wenyewe. Chagua aliyeanikwa kwenye chanja, asiye na mchanga, mwoshe, mkaushe tena, mtwange mzima na mifupa yake, chekecha. Keshokutwa yai, au maharage yaliyopondwa. Kijiko kidogo cha mawese mekundu kila siku. Ukijumlisha gharama utaona huu uji si ghali kuliko wa pakiti, na kila kilichomo umekiona kikiwa kizima.

Ukitaka kujua kama pakiti yoyote ya duka ina mtu nyuma yake, igeuze. Iwe na viambato, uzito, tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, jina na mahali alipo mfungashaji, na alama ya TBS kwa vyakula vilivyosindikwa kama unga na mafuta. Usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) ukahamia TBS mwaka 2019, kwa hiyo lebo inayojivunia TFDA mpaka leo ni ya zamani au imenakiliwa. Bakodi, ile mistari myeusi, isikutie moyo: 620 mwanzoni inaonyesha tu kwamba kampuni imesajili namba zake Tanzania. Haisemi kama chakula ni salama, na wala haithibitishi kwamba kimetengenezwa hapa.

Mwambie baba watoto sukari, mchele, maharage na mawese ya duka yanarudi kwenye kikapu, baada ya kupita kwenye sinia na mzani. Chumvi tutamfuata yeye. Sembe na mafuta mtayasoma pamoja.

Na huo unga uliobaki: piga picha lebo yake, hasa namba ya toleo na tarehe, urudishe dukani na mfuko wake uwaambie umechacha, na umjulishe afisa afya wa kata ili wengine walionunua toleo hilo wajulikane. Wakikataa kuupokea, uchimbie shimoni. Usiwape kuku. Sumukuvu ikiwemo inawadhuru wao pia, inaweza kufika kwenye mayai, na hayo mayai ungempa mtoto yule yule.